Dripu si chakula

Ndugu akitoka kumwona mgonjwa chumba cha mahututi, swali linalomngoja kwenye benchi la nje huwa si la mapafu wala la presha. Ni "Amekula?" Na jibu nililolisikia miaka yote ya uuguzi wangu ni hili: "Hajala, ila wamemtundikia dripu." Benchi zima linashusha pumzi. Dripu imetundikwa, basi kuna kitu kinaingia, mtu wetu hafi njaa.

Tuipigie hesabu. Chupa ya lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi, yaani kilokalori 170 hivi. Ni kama kumnywesha mtu maji yenye vijiko kumi na viwili vya chai vya sukari, basi. Mgonjwa mahututi akishatulia hukadiriwa kuhitaji kilokalori 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji 1,200 hadi 1,500. Kuzipata hizo kwa glukosi ya dripu tu kungetaka lita saba hadi tisa kwa siku, na mapafu yangejaa maji muda mrefu kabla ya kushiba. Hapo bado sijataja protini, mafuta na vitamini, ambavyo humo havimo kabisa. Na chupa ya maji ya chumvi, ambayo mara nyingi ndiyo hasa inayoning'inia pale juu, haina kalori hata moja.

Kwetu Pwani swali hilo huja na jingine mwezi wa Ramadhani. Mzee yuko kwenye mashine ya kupumulia, mwanawe ananivuta pembeni: "Sista, hiyo dripu haimbatilishii mzee saumu?" Namwambia mgonjwa wa hali ile ana ruhusa, na sheikh yeyote atamthibitishia. Ila moyoni natabasamu, maana masheikh wengi hutenganisha sindano ya dawa na dripu ya lishe, na ya pili wanaihesabu kuwa inafunguza. Kwa hiyo dripu ya glukosi inatosha kubatilisha saumu na haitoshi kumlisha mtu. Sioni mgongano hapo. Fiqhi inauliza kama kitu kimeingia, mimi nauliza kiasi gani.

Hata ile imani kwamba dripu ikiwa haisaidii basi walau haidhuru imeshapimwa, tena hapa hapa kwetu. Kathryn Maitland na wenzake, wakifanyia kazi Kilifi, waliongoza utafiti kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania uliotangazwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza, wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji walifariki zaidi ya 10 katika kila 100. Kati ya wasiomiminiwa, 7. Matokeo yalizua ubishi duniani kote na ubishi haujaisha. Simwambii mtu akatae dripu. Mwenye kipindupindu akikosa maji anaweza kufa kwa saa chache, na watoto wa kuharisha hawakuhusika katika utafiti ule. Nasema tu kwamba kinachoingia mshipani kina dozi yake, na kumwonea mtu huruma si kipimo cha dozi.

Sasa chakula chenyewe.

Mtu mwenye afya akikosa kula siku mbili tatu, mwili unabana matumizi. Unapunguza kasi, unaanza kuchoma mafuta, unajitahidi kuihifadhi misuli. Mgonjwa mahututi, mwenye sepsisi (maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima), aliyeungua, aliyegongwa na bodaboda akapasuka wengu, hafanyi hivyo. Kotisoli na adrenalini, homoni za mwili ulio hatarini, zimepanda, insulini ipo lakini seli haziitii, na ini linatengeneza sukari usiku na mchana kutokana na protini ya misuli yake mwenyewe. Ni kama mpishi aliyeishiwa kuni akaanza kung'oa fremu za milango. Watafiti wa London waliwapima wagonjwa mahututi msuli wa paja kwa altrasaundi, wakatangaza mwaka 2013 kwamba ndani ya siku kumi msuli ulikuwa umepungua karibu asilimia 18 kwa wastani. Waliofeli viungo vingi kwa pamoja walipoteza zaidi. Ukimwogesha mgonjwa kitandani kila asubuhi huhitaji altrasaundi. Unauona mguu ukiisha mkononi mwako.

Anayeyaona hayo, awe ndugu au daktari, huwaza jambo moja: mjazeni chakula. Sehemu kubwa ya historia ya kulisha mahututi ni ya watu wenye nia njema waliofuata wazo hilo, kila kizazi kwa vifaa vyake.

Mwaka 1790 John Hunter, daktari mpasuaji wa London, alieleza jinsi alivyomlisha mtu aliyepooza koo: alichukua kijiti cha mfupa wa nyangumi, akakivika ngozi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akakipitisha hadi tumboni na kumimina humo mayai, maziwa na mvinyo. Mpira wa puani tunaotumia leo kupeleka chakula tumboni ni mjukuu wa yule mkunga. Kabla yake kuna Christopher Wren, yule aliyekuja kulijenga kanisa kuu la St Paul's. Akiwa kijana huko Oxford miaka ya 1650 alimtia mbwa mvinyo mshipani kwa unyoya wa bata bukini uliofungwa kibofu cha mnyama. Mbwa alilewa. Huo ndio mwanzo wa kulisha kwa mshipa, kama unapenda kuuita hivyo.

Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha James Garfield, Rais wa Marekani, aliyepigwa risasi tarehe 2 Julai 1881. Aliishi siku 79 baada ya hapo. Tumbo lilipokataa, daktari wake, Willard Bliss, aliamuru alishwe kwa njia ya haja kubwa: mchuzi wa nyama, kiini cha yai, pombe kali, kila saa chache. Utumbo mpana hunyonya maji na chumvi vizuri, lakini nyama na yai hauna uwezo navyo. Rais wa nchi tajiri alikonda kutoka karibu kilo 95 hadi karibu 60 akiwa mikononi mwa madaktari waliokuwa wanamlisha bila kukoma. Usaha ndio uliomuua, lakini njaa ilikuwa pale kando ya kitanda muda wote.

Kulisha kwa mshipa kikamilifu kulikuja baadaye sana, na kikwazo kilikuwa cha kifizikia. Ukitaka kalori za kutosha katika maji kidogo lazima ukoleze sukari, na sukari iliyokolea huunguza mishipa myembamba ya mkono, inavimba na damu inaganda. Jonathan Rhoads huko Philadelphia alijaribu njia ya nguvu: dripu nyingi za sukari isiyokolea sana pamoja na dawa za kukojoza maji. Ilifanya kazi kidogo na kwa taabu. Mwanafunzi wake, daktari kijana Stanley Dudrick, aliwalisha watoto sita wa mbwa aina ya beagle kwa mshipa peke yake, bila tonge kinywani, na mmoja alikaa hivyo siku 256. Walikua kama ndugu zao waliokula bakulini. Ujanja ulikuwa kupeleka mpira hadi mshipa mkubwa ulio juu kidogo ya moyo, mahali damu inapopita kwa wingi na kuizimua sukari papo hapo. Kwa binadamu wakapitia chini ya mtulinga, njia ambayo Mfaransa Robert Aubaniac alishaieleza mwaka 1952. Mwaka 1967 wakamlisha hivyo kichanga wa kike aliyezaliwa karibu hana utumbo mwembamba. Akaishi karibu miaka miwili, akiongezeka uzito. Taarifa zao zilitoka mwaka 1968.

Mafuta nayo yalikuwa na hadithi yake. Wamarekani walijaribu mafuta ya mbegu za pamba yakaleta homa na madhara ya ini, yakaondolewa. Msweden Arvid Wretlind alichanganya mafuta ya soya na lesithini ya kiini cha yai, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maziwa yale meupe ya mshipani yakaanza kutumika kwao. Ndiyo yaliyo ndani ya mifuko ya leo yenye vyumba vitatu: sukari, asidi za amino, mafuta. Unavunja vizuizi, unatikisa, unatundika.

Mfuko ule unatundikwa palepale inapotundikwa dripu, na ndugu hawawezi kuona tofauti. Lakini tofauti ni kubwa. Huo ni chakula kweli. Bei yake humaliza akiba ya familia, si kila hospitali inayo, na unataka mshipa mkubwa unaotunzwa kwa usafi usio na mzaha, maana kilichokolea sukari na mafuta ni shamba la vijidudu. Kwa mtu ambaye utumbo umekatwa, umeziba au unavuja, ni uhai. Kwa mwingine yeyote unahitaji sababu.

Sababu hiyo ilitafutwa kwa bidii. Leuven, Ubelgiji, kundi la Greet Van den Berghe liliwagawanya wagonjwa mahututi 4,640 ambao chakula cha mpira hakikuwatosha: nusu wakaongezewa lishe ya mshipa ndani ya saa 48, nusu wakasubirishwa hadi siku ya nane. Ukiwauliza wauguzi mia moja nani atapona upesi, nadhani tisini wangesema waliolishwa mapema. Matokeo ya mwaka 2011 yalikuwa kinyume. Vifo havikutofautiana, lakini waliosubirishwa walipata maambukizi machache na walitoka chumba cha mahututi mapema zaidi. Wakarudia kwa watoto 1,440, wakatangaza mwaka 2016: hivyo hivyo, na kwa watoto ndivyo ilivyonishangaza zaidi.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni kwamba ini la mgonjwa mahututi haliachi kutengeneza sukari kwa sababu tu umeleta sukari nyingine. Unachoongeza kinajumlishwa juu ya kile anachozalisha mwenyewe. Sukari ya damu inapanda, ziada inageuka mafuta ndani ya ini, kaboni dayoksaidi ya kupumua nje inaongezeka na mtu anayejaribu kuachishwa mashine anachoka. Sehemu nyingine, kwa maelezo ya watafiti hao, ni kwamba seli zilizoumia zina kazi ya kujisafisha taka zake, na kazi hiyo hupungua chakula kinapomwagika. Misuli inayoyeyuka wiki ya kwanza haizuiwi kwa kalori. Hili ni gumu kulikubali ukiwa umesimama kando ya kitanda, na ni gumu zaidi ukiwa mke wake.

Baada ya hapo ushahidi ulikuja kutoka pande nyingi. Riyadh, Saudi Arabia, Yaseen Arabi na wenzake, pamoja na Wakanada, walilinganisha karibu nusu ya kalori na kiwango karibu kamili kwa wagonjwa 894. Vifo vya siku 90 vikawa sawa. Waingereza wakalinganisha mshipa na mpira kwa wagonjwa wapatao 2,400, hakuna aliyeshinda. Wafaransa wakawachukua wagonjwa 3,044 wa mashine na dawa za kupandisha presha, wakawapa wengine kilokalori 6 tu kwa kilo na wengine 25, kwa siku saba za mwanzo. Vifo sawa tena, na waliopewa kidogo walikuwa tayari kutoka mapema. Hiyo ni ya mwaka 2023.

Nina shaka yangu, na naisema wazi. Mgonjwa wa Leuven au wa Ufaransa mara nyingi anafika na akiba mwilini. Wetu anaweza kufika baada ya miezi ya kifua kikuu, au wiki tatu za kuzunguka kutoka zahanati hadi mganga hadi hospitali ya wilaya, mashavu yameshaingia ndani. Je, huyo naye asubirishwe? Mimi huyo nisingependa kumwona akikaa siku nane na maji ya chumvi. Lakini huyo huyo mkondefu ndiye chakula cha haraka kinachoweza kumuua, na hili halikugunduliwa na mashine za Ulaya.

Lilionekana vitani. Waingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen Aprili 1945 waligawa chakula cha jeshi kwa watu waliokuwa mifupa mitupu, na baadhi walikufa baada ya kula. Madaktari wa Kimarekani walieleza mwaka 1951 yaliyowapata wafungwa wa Kijapani waliojisalimisha Ufilipino wakiwa wamedhoofu kwa njaa: walianza kula, wakavimba, moyo ukafeli. Mwili uliokaa na njaa umeshamaliza fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Sukari inapoingia, insulini inapanda na kuyavuta madini yaliyobaki kwenye damu kuyaingiza ndani ya seli yote kwa mkupuo. Damu inabaki tupu. Misuli ya kupumua inalegea, moyo unapoteza mpigo, na vitamini B1 ikikosekana ubongo nao unaingia matatani. Yote hayo kwa sababu ya sahani ya wali.

Wauguzi wa wodi za watoto wa Afrika Mashariki wanalijua hili kuliko bingwa yeyote wa mahututi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaanza na maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu usiku na mchana, protini ndogo, chuma hapewi. Mama analia kwamba mtoto hashibi. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka ndipo anapandishwa maziwa ya F-100, yenye kalori zaidi. Nilianzia kazi wodi hiyo kabla ya kuhamia mahututi ya wakubwa, na nilishangaa kukuta huku watu wakibishana kuhusu jambo ambalo kule limebandikwa ukutani. Mtu mzima aliyekondeana anaanzishwa kilokalori 10 hivi kwa kilo, B1 inatangulia, madini yanapimwa, kiwango kinapanda kwa siku kadhaa. Si kila maabara yetu inapima fosfeti, kwa hiyo wengi wetu tunapanda polepole zaidi, na naona ni sawa.

Mwongozo ninaoufuata basi ni rahisi kuueleza: utumbo ukifanya kazi, tumia utumbo, anza ndani ya saa 48 presha ikishatulia, anza na kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa saa, panda taratibu. Hicho kidogo kina kazi yake: ukuta wa utumbo hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na kinachopita ndani yake, na usipopitiwa na kitu unasinyaa. Presha ikiwa bado iko chini na dawa za kuipandisha zinazidi kuongezwa, tunangoja. Utumbo usiopata damu ukibebeshwa chakula unaweza kufa, na Wafaransa wale wale waliliona hilo katika utafiti wao wa mwaka 2018: visa vya utumbo kufa kwa kukosa damu vilikuwa vichache, lakini vilikuwa vingi zaidi kwa waliolishwa kwa mpira.

Ugumu uko kwenye mpira wenyewe. Unapima kutoka ncha ya pua hadi sikio, kutoka sikio hadi chini ya mfupa wa kifua, unaweka alama, unapaka jeli, unaupitisha. Kwa mgonjwa aliye usingizini hakuna kukohoa kutakakokuonya kwamba umeingia mapafuni. Wengi tulifundishwa kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu. Ule mlio hauaminiki. Hewa iliyo kwenye pafu la chini inaweza kusikika vilevile. Picha ya eksirei ndiyo inayomaliza ubishi. Isipokuwepo, vuta majimaji upime asidi kwa karatasi: 5.5 au chini ni dalili njema. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hapo. Vidonge visagwe laini kimoja kimoja, mpira usafishwe kwa maji kabla na baada, na vile vidonge vya kuachia dawa polepole visisagwe kamwe, mfamasia aulizwe.

Kuna desturi moja ninayofurahi inakufa: kuvuta mabaki ya tumboni kila saa nne na kusimamisha chakula kwa sababu yamezidi kiasi fulani. Wafaransa, tena, walijaribu kutoyapima kabisa kwa wagonjwa wa mashine, mwaka 2013, na nimonia haikuongezeka. Saa tulizozipoteza kwa desturi ile, pamoja na zile za "asile, anakwenda theta" halafu theta ikaahirishwa hadi kesho, ni mlo mwingi sana ambao haukuliwa.

Na sasa chupa ya chai. Hospitali nyingi za ukanda huu hazina maziwa ya viwandani ya kulishia, au zinayo kwa wanaoweza kuyanunua. Kwa hiyo chakula cha mpira kinatoka nyumbani ndani ya chupa ya chai: uji, maziwa, supu, mtori uliosagwa. "Sista, huu mtori nimeupitisha kwenye blenda mara mbili, na bado mnaukataa?" Aliyesema hivyo alikuwa mama wa makamo, khanga imefungwa kiunoni, hana tena subira na sisi. Nilimwonyesha mpira: tundu lake halimezi hata punje ya nyama. Nilichoshindwa kumwonyesha ni tatizo la upande wa pili, kwa sababu halionekani. Ili upite, watu huzimua. Uji wa unga gramu 60 kwa lita una kilokalori 200 na ushee. Umeona tulipofika? Ni dripu nyingine, tofauti tu ni kwamba hii imepikwa.

Dawa yake ni ya zamani na ni yetu. Miaka ya 1980 watafiti walionyesha nchini Tanzania kwamba unga wa kimea, nafaka iliyooteshwa ikakaushwa ikasagwa, ukitiwa kidogo kwenye uji mzito unaoanza kupoa unaulainisha dakika hizo hizo. Vimeng'enya vya mbegu iliyochipua vinakata wanga. Unga ni ule ule mwingi, kalori ni zile zile, lakini sasa unatiririka. Walikuwa wakifikiria watoto wanaoachishwa ziwa, wenye tumbo dogo. Mpira wa puani una shida hiyo hiyo. Na kimea chenyewe si kigeni kwa mtu yeyote wa Kilimanjaro. Ndicho kile kile cha ulezi kinachoingia kwenye mbege, jambo ambalo humfanya baba mzazi aniangalie kwa jicho la mashaka ninapolipendekeza. Uchemshe tena kidogo baada ya kulainika, uchuje kwa kitambaa safi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinaongeza kilokalori 120 bila kuufanya uji uwe mzito zaidi. Maziwa ya unga yanaleta protini. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye apange vipimo, hasa kwa mwenye kisukari au figo.

Kinachonitia hofu kwenye chupa ya chai ni saa, kuliko mapishi. Uji wenye maziwa uliopikwa alfajiri Mbagala, ukapanda daladala mbili, ukasubiri muda wa kuona wagonjwa, ukifika kwangu umeshakuwa uvuguvugu, na uvuguvugu ndio vijidudu wanaupenda. Naomba uletwe wa moto kweli au wa baridi kweli, na uliokwisha kaa nje saa mbili naumwaga. Kwa hilo nimegombana na watu wazima wenye heshima zao, wakubwa kwa mama yangu. Naanza na shikamoo, halafu naumwaga.

Ninachowaambia ndugu siku hizi ni kwamba zamu yao inakuja. Wiki ya kwanza si ya kushibisha. Lakini mgonjwa akitoka kwenye mashine, dawa za presha zimeisha, homa imeshuka, mwili unageuka: sasa unajenga, na sasa protini inapokelewa. Ni wakati huo huo ambapo hospitali nyingi huregeza uzi. Anahamishwa wodi ya kawaida, mpira unatolewa siku hiyo hiyo kana kwamba ni zawadi, trei ya wali na maharage inawekwa mbele ya mtu asiyeweza kunyanyua kijiko, na jioni inaondolewa ikiwa nzima. Hakuna anayeandika kwamba hakula. Ningekuwa na uwezo wa kubadili jambo moja tu katika lishe ya mahututi hapa kwetu, nisingeomba mifuko ya mshipani. Ningeomba mtu wa kukaa na huyu kwa nusu saa, mara tano kwa siku, na mpira ubaki puani mpaka ale mwenyewe zaidi ya nusu ya anachohitaji.

Nusu saa hiyo familia inayo. Ila koo lililokaa na mpira wa mashine kwa siku nyingi husahau kumeza, na kuna wanaopaliwa bila hata kukohoa. Nesi au daktari ajaribu kwanza kwa kijiko cha maji. Akipita jaribio, mketishe wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo. Mtori hapa ndipo unapofaa, mzito, laini, usiwe wa moto, na nyama yake isagwe ndani. Kijiko kidogo. Ngoja ameze, angalia mdomo uko tupu, ndipo kingine. Asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Sauti ikigeuka kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha palepale hata kama anaomba kuongezwa, uite nesi.